Hesabu ya miaka 63

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitawanyika kusini mwa Tanzania wakiwa na madaftari na orodha ya maswali. Waliwatafuta wazee walioviona vita vya Maji Maji kwa macho yao, au waliosimuliwa na wazazi waliovipigana. Mwaka uliofuata idara yao ilitoa mkusanyiko wa kazi zao, na tangu hapo ni vigumu kuandika jambo la maana kuhusu Maji Maji bila kuupekua. Vita hivyo vilianza Julai 1905. Kati ya mapigano ya kwanza na madaftari ya wale vijana ilipita miaka 63. Sasa chukua 1963, mwaka ambao Isiolo ilitumbukia katika yale ambayo serikali iliyaita vita vya shifta, yaani majambazi, kisha jumlisha 63. Jibu ni 2026.

Nimeianza safu hii na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayonifanya niulize vyama vya wanafunzi wa historia wa uzamili na uzamifu katika vyuo vikuu vyetu vinafanya kazi gani hasa. Anayevijua anajua ratiba yake. Kuna kikao cha kumsikiliza mwenzenu anayejiandaa kutetea pendekezo la utafiti, ambapo watu huuliza maswali makali ili kesho maprofesa wasimkute amelala. Kuna semina ya kusoma kitabu kimoja kwa mwezi, ambayo huanza na watu 20 Septemba na kufikia Novemba imebaki na 6. Kuna kongamano la mwaka, michango ya mwenzetu aliyefiwa, fulana zenye nembo ya chama, na kundi la WhatsApp ambalo kazi yake kubwa ni kuulizana kama msimamizi fulani yupo ofisini. Sidharau hata kimoja. Mwanafunzi wa uzamifu ni mpweke kuliko watu wanavyodhani, na kikao cha mazoezi kimeokoa tasnifu nyingi. Lakini mengi katika hayo yanaweza kufanywa na marafiki 4 kwenye meza ya mkahawa. Chama, kwa maoni yangu, kinahalalisha ada yake pale tu kinapofanya kazi ambayo mwanafunzi mmoja hawezi kuifanya hata akipewa miaka 10. Kazi ya namna hiyo ipo, iko Isiolo, na muda wake unayoyoma.

Tuanze na mahali penyewe. Serikali ya kikoloni iliifungia kaskazini ya Kenya kwa sheria za peke yake: ile ya maeneo ya pembezoni ya 1902, na ile ya wilaya maalumu ya 1934. Isiolo ilikuwa lango la eneo hilo. Hapo mifugo iliwekwa karantini kabla ya kuruhusiwa kushuka kusini, hapo palikuja kuwa makao makuu ya utawala wa kaskazini, na hapo walipewa makazi Wasomali wa Isaaq na Herti waliokuwa wamelitumikia jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata leo mtu wa kaskazini anayepanda basi kwenda Nairobi atakwambia anashuka Kenya, na halisemi kama mzaha. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kupima maoni ya wakazi ilikuta sehemu kubwa ya Wasomali na jamii zilizo karibu nao wakitaka kujiunga na Somalia. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Mwisho wa Desemba mwaka huohuo serikali changa ikatangaza hali ya hatari kaskazini-mashariki. Kuanzia 1966 wafugaji wakakusanywa katika vijiji vya kulazimishwa, Garba Tulla na Merti vikiwemo, na mifugo isiyozoea kukaa pamoja ikafa pamoja. Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda, Kenya na Somalia zikakubaliana Arusha. Kwenye karatasi mambo yakaisha. Waborana wa Waso, yaani wa Isiolo, wanauita wakati ule Daaba, yaani kusimama: kila kitu kilisimama.

Linalofuata ndilo linalomhusu mwanahistoria. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kinga iliyozuia mashtaka kuhusu mambo yaliyotendwa na watumishi wa serikali katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Wanasheria wanaijadili sheria hiyo kama suala la haki, na wako sawa. Mimi naitazama kama suala la nyaraka. Kesi huzaa karatasi: hati za viapo, majina ya mashahidi, tarehe, ramani, maswali ya wakili wa upande wa pili. Linganisha na wazee wa Mau Mau. Walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, wanahistoria waliitwa kutoa ushahidi, mmoja wao Caroline Elkins, ambaye utafiti wake ulianza kama tasnifu ya uzamifu huko Harvard. Shinikizo la kesi hiyo ndilo lililofichua mwaka 2011 maelfu ya faili za makoloni zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mtu wa Garba Tulla hakuwa na mahakama ya kumuuliza nani alimpiga risasi ngamia wake. Kwa hiyo hakuna jalada la kesi, na pale pasipo na jalada, ushahidi umebaki ndani ya vichwa vya watu. Aliyekuwa na miaka 15 Wabera alipouawa anatimiza 78 mwaka 2026.

Itasemwa kwamba Isiolo imeandikwa sana. Imeandikwa, ndiyo, lakini tazama imeandikiwa wapi. Paul Baxter aliandika tasnifu yake kuhusu Waborana wa kaskazini ya Kenya akiwa Oxford, 1954. Gudrun Dahl alitoa kitabu chake kuhusu Waborana wa Waso huko Stockholm mwaka 1979, na mwaka huohuo, chuo hichohicho, Anders Hjort akatoa chake kuhusu mji wenyewe wa Isiolo. Peter Dalleo aliandika historia ya biashara na ufugaji wa Wasomali wa kaskazini-mashariki katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, 1975. Syracuse si jina la kubahatisha: chuo hicho kilijipatia filamu ndogo za nyaraka nyingi za Idara ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, kiasi kwamba kijana wa Marekani angeweza kusoma ripoti za mwaka za maafisa wa kaskazini bila kutoka kwenye theluji yake. Kijana wa Bulla Pesa anayetaka ripoti hizohizo husafiri karibu kilomita 280 hadi Moi Avenue, Nairobi, kwenye jengo lililokuwa la Benki ya India, akalale kwa ndugu, na ajaze fomu ya faili moja baada ya nyingine. Kazi za wageni hawa ni nzuri, na anayezipuuza kwa sababu ya pasipoti ya mwandishi atakuwa anajikata mguu. Ninachosema ni kwamba zilikuwa kazi za mtu mmojammoja, nyingi zikiwa za anthropolojia, na kila aliyemaliza aliondoka na madaftari yake. Hata kibali cha utafiti cha NACOSTI, kinachomtaka mtafiti awasilishe ripoti akimaliza, huipeleka ripoti hiyo Nairobi. Mzee aliyetoa maneno yake chini ya mgunga pale Kinna haoni ukurasa hata mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Chukua tatizo moja tu, la tarehe. Mtafiti mchanga anamwuliza mzee wa Kiborana, ulikamatwa mwaka gani? Mzee anajibu kwamba ilikuwa gada ya Jaldesa Liban. Mtafiti asiyejua anaandika kwamba shahidi hakumbuki tarehe, na hapo ushahidi unashuka thamani kwa kosa la anayeuliza. Anayejua anafahamu kwamba kila Abba Gada, kiongozi wa mfumo wa gada wa Waborana, hushika uongozi miaka 8, na kwamba Jaldesa Liban alishika 1960 hadi 1968. Mzee ametaja kipindi kinachobeba vita vyote. Kinachobaki ni kukipunguza: mvua zilinyesha au zilikuwa zimekatika? Mlikuwa mnanywesha Merti au mlishavuka kwenda upande wa Kinna? Ndama wa mwaka ule walikuwa wamezaliwa? Kwa maswali 5 ya namna hii unafika kwenye msimu, wakati mwingine kwenye mwezi, na ndipo unaifungua ripoti ya ofisa wa wilaya na kuzilinganisha. Swali la kisiasa, kama uliwaunga mkono shifta au serikali, huleta jibu fupi na uso uliofungwa. Swali la maji huleta saa 2 za kaseti. Mwanamke aliyeishi kijijini kwa lazima anajua maziwa yalikatika lini, nani alijifungua safarini na nani alizikwa bila sanda, na hayo hayamo katika ripoti yoyote ya kukabidhiana ofisi.

Ujuzi huu haupatikani kwa mtu mmoja. Unataka anayejua Kiborana, anayejua Kisomali, anayejua Kiturkana na Kisamburu, anayesoma mwandiko wa maafisa wa kikoloni, na anayejua kutunza faili za sauti zisioze kwenye simu iliyoanguka majini. Hapo ndipo chama kinapokuwa karakana. Wanafunzi 12 wenye maswali ya pamoja, wakigawana kata, wakinukuu kwa utaratibu mmoja, wakihifadhi nakala 3 mahali 3, watavuna katika likizo moja kitu ambacho Baxter hangeweza kukivuna peke yake. Nasema hivyo bila kumkosea heshima. Na mfano wa Dar es Salaam unatufundisha jambo jingine, gumu zaidi. Wanafunzi wa 1968 walikwenda wakiwa na swali la zama zao: taifa jipya lilitaka kujua kama Maji Maji ilikuwa vita vya umoja, na walioulizwa walisaidia kupatikana jibu la ndiyo. Miaka ikapita, wanahistoria wengine, wakiwemo James Giblin na Jamie Monson waliohariri kitabu kizima juu ya vita hivyo mwaka 2010, wakaonyesha kwamba umoja ule ulikuwa na nyufa: ugomvi wa maeneo, wa wanyama waharibifu na mashamba, wa wake na waume. Wengine huona hapo aibu ya ule mradi. Mimi naona sifa yake kubwa. Uliweza kupingwa kwa sababu maneno ya mashahidi yaliwekwa mahali ambapo mtu wa baadaye angeyasoma upya. Mtafiti anayekufa na kaseti zake hapingiki, na asiyepingika hana faida kwa mwanahistoria.

Pingamizi la kwanza nitakalolijibu ni lile ambalo mwanafunzi mwenyewe atalitoa, tena kwa haki: tasnifu ni ya mtu mmoja, na hakuna mtahini anayetoa alama kwa kazi ya kundi. Ni kweli. Lakini hazina ya mahojiano si tasnifu. Ni kama bwawa. Kila mtu huja na ndoo yake na swali lake. Mmoja atatumia mahojiano yaleyale kuandika juu ya biashara ya ngozi, mwingine juu ya Uislamu na kupungua kwa gada miongoni mwa Waborana wa Waso, mwingine juu ya chifu na wazee. Isitoshe, wanafunzi wetu hudaiwa makala zilizochapishwa kabla ya kuvaa joho, na wengi huishia kulipa majarida ya mfukoni yasiyosomwa na mtu. Maelezo ya hazina kama hii, yaliyoandikwa vizuri, ni makala tosha. Kenya ina mfano wake pia. Chama cha Historia cha Kenya, kilichoanzishwa 1966 na ambacho Bethwell Ogot alikuwa mhimili wake, kiligeuza mikutano yake ya mwaka kuwa mfululizo wa vitabu vilivyopewa jina la Hadith. Vitabu hivyo vilichapa kazi za watafiti waliokuwa wangali vijana, na leo ndivyo mwanafunzi anavyotakiwa kuvisoma kwanza. Fedha? Hakuna aliyewahi kuwa nazo. Nauli ya basi na kinasa sauti cha simu ni rahisi kuliko karamu ya mwisho wa mwaka, na hapo nitawaacha waweka hazina wafanye hesabu yao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kulikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokusanya taarifa zaidi ya 40,000 kote nchini na kukabidhi ripoti yake Mei 2013. Kwa nini kuwarudisha wazee kwenye maumivu waliyokwisha kuyaeleza? Jibu langu liko katika tarehe. Muda ambao tume ilipewa kuuchunguza ulianza 12 Desemba 1963. Wabera na Haji Galma walikuwa wamekaa kaburini miezi mitano na ushee. Sheria iliiruhusu tume kugusia yaliyotangulia kama chanzo, lakini mlango wake rasmi ulifunguliwa siku ya uhuru, ilhali Isiolo iliingia vitani kabla ya uhuru. Zaidi ya hapo, tume hutafuta makosa na waliotendewa. Ndiyo kazi iliyopewa. Haiulizi watu walikuwa wakila nini, wakiuza wapi, wakiimba nini jioni. Mtu aliyeulizwa kama mhanga husimulia kama mhanga, naye ana miaka mingine 70 ya maisha ya kusimulia.

La maumivu sitalipita kijuujuu. Mwaka 2011 polisi wa Ireland ya Kaskazini, kupitia mahakama za Marekani, walianza kudai kanda ambazo Chuo cha Boston kilikuwa kimerekodi na wapiganaji wa zamani kwa ahadi kwamba zingefungwa hadi wafe. Ahadi ile haikuhimili. Chama cha wanafunzi kinachokwenda Isiolo kumhoji mtu aliyewahi kubeba bunduki msituni, au askari aliyepewa amri ambayo hataki kuikumbuka, kina wajibu wa kumwambia kwa lugha yake kwamba kinaweza kumficha jina lakini hakiwezi kumwahidi kinga ambayo chuo chenye mawakili wengi kilishindwa kuitoa. Wengine watakataa. Wakatae. Mahojiano 40 ya watu waliojua walichokubali yana thamani kuliko 200 ya waliodhani wanaandikishwa kwa msaada wa chakula, dhana ambayo kaskazini haijengwi juu ya hewa.

Kisha kuna wanaosema, hasa kwa sauti ya chini, kwamba Isiolo si mahali pa kuchezea historia. Mji una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Mpaka na Meru una mgogoro. Na tangu mradi wa LAPSSET uzinduliwe Lamu Machi 2012 na Isiolo itajwe kuwa njia panda yake, kila simulizi ya nani alifika kwanza inasomwa kama hati ya shamba. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na siwezi kulifuta. Ninaweza tu kuuliza njia mbadala ni ipi. Historia ya Isiolo tayari inasimuliwa kila siku, kwenye mikutano ya kampeni na mbele ya maafisa wa ardhi, na kila upande unaisimulia mbele ya watu wake tu. Tofauti ambayo chama kinaweza kuileta ni ya utaratibu: kanda ya mzee wa Kiturkana inukuliwe na kijana wa Kiborana, ya Mborana ihakikiwe na Msomali, na hakuna anayechapisha kabla wenzake hawajasikiliza. Hilo linapunguza uongo kwa njia rahisi kabisa, kwamba mtu huona haya kuongeza chumvi mbele ya anayejua ladha yake. Litachelewesha kazi. Litaleta ugomvi ndani ya chama chenyewe, na ugomvi ndani ya chumba cha semina ni nafuu.

Linabaki suala la mahali pa kuweka. Rekodi zikiishia Nairobi tutakuwa tumejenga Syracuse nyingine karibu zaidi. Nakala moja ikae chuoni, moja kwenye Idara ya Nyaraka ya Taifa, na moja Isiolo mjini, maktabani, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kila mahojiano ili mjukuu asiyejua Kiborana cha babu yake aelewe alichosema. Na kongamano la mwaka, badala ya kufanyika tena katika ukumbi uleule wenye viyoyozi, lifanyike hapohapo, waliohojiwa wakiwa wamekaa viti vya mbele, wasomewe yaliyoandikwa, wasahihishe. Watasahihisha mengi. Jina la kisima litakuwa limekosewa, mtu aliyeandikwa amekufa atanyoosha mkono, na bibi mmoja atasema kwamba ng'ombe wale hawakunywea Merti hata siku moja, kwamba mto ulikuwa umejaa mwaka ule na waliupita kwa juu zaidi, na mwandishi atalazimika kurudi kwenye kanda kuanzia dakika ya kwanza.